Mechi Alizonyimwa Siyu

Mtaa wa Xiaobei,
Wilaya ya Yuexiu,
Guangzhou, China.

25 Mei, 2025.

Mpendwa Shangazi Dorothea,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na mvua imewaachia nafasi ya kuanika kahawa. Vipi hapo Kashai, ile njia ya nyuma ya kanisa bado inateleza? Na yule jogoo wako mwenye kiburi yupo, au ndiyo mlimla Pasaka? Nimekukumbuka, Shangazi. Nimekumbuka hata makelele yako ya kutuamsha Jumapili.

Baba na mama ni wazima. Baba bado ni mtu wa soko la Shahe, anatoka mapema kuwahi magauni ya jumla, na akirudi sauti imemkauka kwa kubishana bei. Mama ndiye anayefunga mizigo. Kontena lao limeshaondoka bandari ya Nansha, na Mjomba Robert, yule rafiki wa baba wa Muleba, anapanda ndege kwenda kulipokea. Nimempa yeye barua hii. Najua ningeweza kupiga simu ya video, lakini unanijua, kwenye simu nasema "ndiyo" na "hapana" halafu nampa mama. Kwenye karatasi angalau sioni uso wa mtu.

Kuhusu mimi mwenyewe nitaandika polepole.

Ujumbe wako wa sauti ulifika. Ulisema umewaambia wote jumuiyani kwamba wangeniacha mimi golini medali ingekuja, na kwamba yule golikipa mwingine, Mchina, ndiye aliyetuangusha. Baba aliusikiliza mezani tukila, akacheka sana, akasema, "Unaona? Hata Bukoba wanajua mpira wa barafuni!" Mama naye akacheka. Mimi nikainamia wali wangu. Wewe hukukosea, Shangazi, ulisema ulichoambiwa na baba, na baba alisema alichoambiwa na mimi. Yaani mimi sikumwambia kitu. Aliponiuliza kulikoni, nilinyamaza, naye akamalizia mwenyewe.

Huyo golikipa mwingine anaitwa Siyu. Tuko darasa moja. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye hoki mwaka ule nilipohamia shule hii ya Kichina na Kiingereza, nikawa sina wa kukaa naye wakati wa chakula.

Hoki yetu inachezwa juu ya barafu, ndani ya jengo la maduka, nje jua linachoma na ndani mnatoa moshi mdomoni. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi, kigumu kama kisigino cha kiatu, kinapigwa kwa fimbo. Golikipa anavaa pedi kubwa miguuni, na kazi yake karibu yote ni kupiga magoti. Kisahani kikija chini, unaanguka magotini na kufungua miguu pande mbili, halafu unasimama haraka, halafu unaanguka tena. Ibada nzima ya Ijumaa Kuu haina magoti ya mechi moja.

Timu ina makipa wawili. Anayecheza anacheza. Asiyecheza anakaa benchi amevaa kila kitu, na kazi yake ni kuwafungulia wenzake kamlango ka kuingilia uwanjani. Msimu huu wote mimi nimecheza na Siyu amefungua mlango. Wasichana wakamtania wakamwita Laoban wa Mlango. Laoban ni bosi, hata baba huwaita hivyo wenye vibanda wa Shahe. "Laoban, fungua! Laoban, unalala?" Naye anajibu, "Kiingilio yuan kumi, mdeni harudi ndani!" Wote wanacheka, na yeye anacheka kuliko wote. Mimi nilidhani kwa kuwa anacheka, hajali.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Tangu mwezi wa tatu nyonga yangu ya kushoto inauma. Ilianza kama kitu kilichobana tu, baadaye nikawa nashika ukuta kuvaa soksi. Kila wiki kabla ya mechi Kocha Liang anapita kwa kila mchezaji na kuuliza mwili unaendeleaje. Ni mtu mzima, ana mvi, ana sauti ya chini. Akifika kwangu anauliza, "Miguu?" Nami najibu, "Mizuri, Kocha." Anatikisa kichwa, anaenda kwa mwingine.

Shangazi, sikuwa nadanganya. Au labda nilidanganya, lakini sikujua kwamba nadanganya. Wewe ndiye uliyenilea mpaka nikaanza shule, unajua tunavyosalimiana kwetu. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama kuna msiba ndani, unasema nzuri kwanza. Anauliza za nyumbani, unasema salama. Anauliza tena, vipi lakini, mbona umepungua? Hapo ndipo unasema, "Tupo tu, ila mtoto anaumwa." Mtu anayetoa shida yake kwenye swali la kwanza tunamwona hana adabu, kama anayeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Mimi mdomo ulijibu Kichina, lakini moyo ulikuwa unasalimiana kwa Kiswahili. Nilijibu "mizuri" nikasubiri swali la pili. Kila wiki nilisubiri. Kocha hakuwa na habari kwamba kuna swali la pili.

Siyu aliona. Anakaa pembeni yangu tukivaa, aliona ninavyoshika ukuta. Mwezi wa nne, wiki ya mechi ya mwisho ya ligi, ambayo hata tungefungwa nafasi yetu isingebadilika, aliniinamia akasema, "Edina, wiki hii mwambie kocha umechoka. Kidogo tu. Mama yangu anakuja kutoka Shaoguan, hajawahi kuniona nikicheza."

Nikamwambia, "Sawa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Kocha akaja. "Miguu?" Na Siyu yuko pale pale, anajifanya anafunga kamba za viatu. Nikasema, "Mizuri, Kocha." Ilitoka yenyewe, Shangazi. Nikamwangalia kocha machoni, mimi ambaye simwangalii mtu machoni, nikimwomba aulize tena. Akanipiga begani akasema, "Chuma!" Akaenda zake. Siyu aliendelea kufunga zile kamba muda mrefu sana.

Mama yake alikuja. Mama mfupi, kavaa koti zuri, ana mfuko wa machungwa ya timu. Akakaa akamtazama binti yake akifungua mlango na kuufunga, akifungua na kuufunga, mpaka mechi ikaisha. Mwishoni akapiga makofi. Siwezi kuusahau mlio wa yale makofi.

Basi ikaja nusu fainali, na timu ya Shenzhen. Wewe baba alikuonyesha kwa simu ya video, ila picha ilikuwa inakwama kwama. Goli la kwanza lilikuja chini kushoto. Nililiona tangu linatoka kwenye fimbo. Niliuambia mguu nenda, ukaenda, lakini kwa kuchelewa, kama mtoto anayeitwa kuosha vyombo. La pili likapita hapo hapo. Wale wasichana wa Shenzhen si wajinga, nilimsikia mmoja akiwapigia wenzake kelele, "Kushoto! Yule mrefu, kushoto kwake kumekufa!" La tatu na la nne yakaja kushoto. Tulitoka nne kwa moja.

Usiku ule nilisoma sana. Huko Amerika watu wanabishana juu ya jambo hili miaka na miaka: je, golikipa anayechezeshwa karibu kila mechi ya msimu anaharibika zinapofika mechi za mtoano? Wengine wanasema ndiyo, mwili una deni lake. Wengine wanasema huwezi kujua, kwa sababu anayechezeshwa sana ni yule aliye bora, na akifungwa watu wanatafuta sababu, kumbe kafungwa tu. Baba yuko upande wa pili. Yeye anasema mashine isiyozimwa haishiki kutu, na pale Shahe aliwatangazia wote kwamba binti yake hapumzishwi. Nilisoma Kichina, nikasoma Kiingereza, nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba si kosa langu. Walikuwepo wengi waliosema hivyo. Haikunisaidia, maana wote walikuwa wanazungumza habari za kipa anayecheza. Sikumwona hata mmoja aliyeuliza yule anayekaa anakuwaje.

Kesho yake ilikuwa mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Nilimkuta kocha kwenye mashine ya kunoa viatu vya barafu. Nilisimama pale mpaka akazima mashine.

"Kocha, nyonga yangu inauma. Tangu mwezi wa tatu."

Alivua miwani. "Nilikuuliza kila wiki."

"Ndiyo, Kocha."

"Ukasema mizuri."

"Ndiyo, Kocha."

Nikajaribu kumweleza mambo ya kwetu, namna salamu zinavyokwenda. Nilieleza vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo nilitakiwa nikuulize mara ngapi?"

"Kama tatu hivi."

Akacheka kidogo, lakini uso wake haukuwa wa kucheka. Alisema hata yeye ana kosa, kwamba mtu mzima hapaswi kumuuliza mtoto swali moja la aina moja miezi mitatu na kuridhika. Kisha akamwita Siyu akamwambia leo anacheza yeye.

Siyu akanitazama. "Leo ndiyo umechoka?"

Mama yake alikuwa ameshapanda treni kurudi Shaoguan wiki nyingi nyuma.

Alifungwa matano, Shangazi. Hilo baba alikuambia. Ambalo hakukuambia ni kwamba la kwanza na la pili aliyafungwa akiwa bado hajui asimame wapi, kwa sababu mazoezini watu wanakupigia kwa huruma, mechini hawana huruma. Kuanzia kati ya mechi alianza kuwasoma. Alidaka shuti moja kwa glavu hata wale wa timu nyingine wakagonga fimbo zao kwenye barafu kumpa heshima. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango. Hakuna aliyeniita laoban. Tulifungwa tano kwa tatu.

Alipotoka alikuwa ameloa jasho, nywele zimemganda usoni. Nikampa maji. Nikamwambia nisamehe. Akanywa, akasema kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayefanya hesabu, "Ningecheza hata mechi nne kabla ya leo, yale mawili ya mwanzo yasingeingia."

Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alichosema ni kweli tupu: mimi nilichoka kwa kucheza, yeye akafungwa kwa kutochezeshwa, na timu ikawa haina kipa hata mmoja.

Mwezi wa sita akimaliza mitihani anahamia Shaoguan kwa mama yake. Amesema huko hakuna uwanja wa barafu karibu. Kocha ameahidi msimu ujao atagawa mechi kati yangu na kipa mdogo anayekuja, tuseme tusiseme. Ni vizuri, lakini huyo mdogo si Siyu. Mimi daktari amenipumzisha, na mama ananikanda nyonga jioni huku akinigombeza.

Kwa hiyo Shangazi, nina ombi, na kwa baba nimeshasema. Nilimwambia jana, mezani, bila kusubiri aniulize. Alisukuma sahani pembeni, akasema, "Na mimi nimeshatangaza mpaka Bukoba." Nikamwambia Bukoba nitaandika mwenyewe.

Alhamisi mkikutana jumuiyani, naomba uwaambie wale uliowaambia. Najua hawamjui Siyu na hawatamwona maishani. Lakini sitaki liwepo hata baraza moja duniani ambako jina lake linatajwa kama mtu aliyetuangusha. Waambie alikuwa kipa hodari, na kwamba mtu aliyemnyima mechi za kujifunzia kufungwa ni mimi, Edina wenu.

Nisalimie Dismas, na umwambie kiatu chake baba amekipata, kimo kwenye kontena. Nisalimie Herieth na mwanawe. Mpe shikamoo yangu Bibi Jacinta wa pale jirani. Mungu akulindie goti, akupe mavuno yasiyonyeshewa, na akutunze mpaka nije nikae jikoni kwako.

Ni mimi binti yako nikupendaye, ingawa sisemi sana,

Edina.