Kanga Uliyoilalia

Chemchem, Tabora
29 Machi 2020

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na kifua kinakuachia upumue wiki hii. Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia tangu Mathias amlete Kabula kwako. Aliporudi hakushuka kwenye lori. Tuliongea yeye dirishani, mimi barabarani, kisha mume wangu akaondoka na mzigo wa Kigoma.

Najua umekasirika kwamba nimemwachisha mtoto ziwa kabla hata hajatembea, tena bila kuja kukueleza. Ningepiga, lakini masikio yako na simu hayapatani, ndiyo maana naandika. Mama, huu ugonjwa mpya unaotangazwa redioni umetengewa wodi hapa hospitalini kwetu, na wauguzi waliopangwa humo ni mimi na mwenzangu Najiat. Barakoa ni moja kwa zamu nzima. Gauni la kujikinga tunapokezana likishafuliwa, na mara nyingine tunalivaa bichi. Mwenye nyumba ameniomba nichote maji wengine wakishamaliza wote. Wodini tunataniana na kucheka, lakini tunaogopa. Mimi nilichokuwa naogopa zaidi ni kurudi nyumbani na kumbeba mtoto.

Maziwa yanajaa mpaka sare inalowa. Naomba usimwache anisahau. Picha yangu nimeiweka kwenye mfuko wa nguo zake, mwonyeshe kila siku. Majibu mpe Yoramu, konda wa basi la asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Recheli

Tutuo
4 Aprili 2020

Mwanangu Recheli,

Marahaba, marahaba tena. Sisi huku hatujambo. Kifua kinakoroma kidogo asubuhi kwa moshi wa jikoni, hilo unalijua. Wewe je, unakula? Usiniambie chai.

Kabula, wajina wangu, alilia siku tatu, sasa analia akisinzia tu. Majirani nimewaambia umemleta nimwachishe ziwa, kama mabinti wote wanavyoleta watoto kwa mama zao. Ningewaambia habari ya wodi, hata moto nisingepata wa kuazima.

Hiyo picha yako aliilamba, kisha akaitupa kwa kuku. Mtoto wa umri huu anamjua mama yake kwa pua. Wewe mwenyewe nilipokupeleka kwa bibi yako nilikuacha na kanga yangu, ukalala umeishika mpaka ukasahau ziwa bila kunisahau mimi. Hata wazee wetu waliobeba mizigo kwenda pwani waliacha shuka nyumbani, na bibi yangu alisema ya baba yake haikuguswa na maji mpaka aliporudi. Nitumie kanga uliyoilalia. Usiifue!

Mama yako

Chemchem
9 Aprili 2020

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi nipo, nashukuru Mungu.

Kanga hiyo hapo, lakini nisamehe, nimeichemsha kwa maji yenye dawa ya jiki. Nililala nayo kama ulivyosema, nikaifunga kwenye mfuko, nikaufungua, nikaufunga tena. Hakuna anayejua ugonjwa huu unakaa kwenye nguo muda gani. Huyu anasema saa, yule anasema siku. Na wewe una pumu, mama. Nikaichemsha, nikaianika juani, nikaipiga pasi huku nalia. Usinicheke.

Hata hivyo mfunike nayo. Labda kuna kitu kimebaki.

Mwanao,
Recheli

Tutuo
15 Aprili 2020

Mwanangu,

Salamu za Pasaka. Ibada tulisali, ila kanisani siku hizi watu wanapungiana mikono kama wanaoagana.

Kanga yako inanuka jiki kama pazia la hospitali. Wajina aliinusa, akanitazama kama nimemdanganya, akaisukuma. Basi nimemfunika na yangu, yenye moshi na mafuta ya mgando, na ndiyo anayolalia sasa. Uji wa ulezi anakunywa vizuri, matobolwa, vile viazi vya kukausha, anamung'unya mpaka yanamwishia mkononi.

Kuna jambo sikutaka kuliandika, lakini afadhali ulisikie kwangu. Ameanza kuniita mama.

Usilie sana. Nakutumia kigauni chake, nimekivua mwilini mwake asubuhi hii hii, sijakitia maji. Wewe ndiye unayehitaji kunusa kuliko yeye.

Mama yako

Chemchem
20 Aprili 2020

Mama yangu,

Shikamoo! Nimepata ruhusa! Jumapili napanda basi la Yoramu, nakuja kukaa wiki nzima. Nimepimwa joto kila siku, sina homa, sikohoi, na daktari ameniambia niende nikapumzike. Nimeshafungasha begi, kila nikitoka zamu nalifungua naongeza kitu.

Hilo la kuitwa mama limeniuma, sikufichi. Nililisoma nikakaa chini. Naomba umkatalie. Kila akikuita hivyo mwambie "bibi", mpaka azoee. Mama yake ni mimi.

Halafu na wewe, umekifua kigauni! Nimejifunika nacho usoni mpaka nikakosa pumzi, sikupata hata chembe ya mwanangu. Najua umenilipizia ile kanga. Haya, tumelipana, tukikutana tutacheka.

Mwanao anayekuja,
Recheli

Tutuo
23 Aprili 2020

Mwanangu Recheli,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, nikaimba peke yangu jikoni.

Lakini kigauni sikukifua mimi! Kilikuwa na maziwa yaliyochacha, moshi na mkojo wa usiku. Mama Advera, jirani yangu, alikishika kwa ncha za vidole. Yoramu amenilalamikia kwamba abiria wa viti vya mbele walifungua madirisha. Pua yako imechoshwa na dawa za wodini, njoo uipumzishe.

Jogoo nimeshamtenga. Nitakusubiri barabarani na wajina mgongoni. Ninamwambia "bibi" kama ulivyoagiza, ananicheka tu.

Mama yako

Kituo cha basi, Tabora
26 Aprili 2020

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii isome uani, kisha uichome na unawe kwa sabuni. Basi likisimama hapo usinitafute, simo.

Nilipopata barua yako nilikata kitunguu, sikusikia harufu. Nikafungua chupa ya jiki, sikusikia kitu. Daktari ananiambia hilo halimo kwenye dalili walizoandikiwa, niende tu. Lakini Najiat juzi juzi alisusa pilau akisema haina ladha, tukamtania kwamba ana mimba. Siku zilizofuata homa ikampanda. Sasa amelala kwenye wodi ileile tuliyokuwa tunaihudumia pamoja, na mimi ndiye niliyemtandikia kitanda.

Nimesimama ng'ambo ya barabara na begi langu. Yoramu ameniwekea kiti cha dirishani, anapiga honi, anadhani sijaliona basi. Karatasi hii nitaiweka juu ya tofali, nisogee, aje aichukue. Mama, ni mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipo mpaka mlangoni mwa basi, na jinsi ninavyotamani kuingia sijui nikueleze vipi. Lakini ningefika ungenikumbatia, nakujua, na kifua chako hakiwezi.

Tangu jana mgongo unauma na miguu haina nguvu. Huenda ni uchovu. Mathias usimwambie chochote mpaka arudi salama kutoka safarini. Nikitoka hapa naenda moja kwa moja wodini, wamenipa kitanda karibu na Najiat.

Lile nililokuagiza kuhusu Kabula, liache. Usimsahihishe tena. Akiita mama, mwitikie.

Mwanao,
Recheli