Mume wangu alimgonga rafiki yetu kwa kigari cha gofu, na lawama kabebeshwa mtunza nyasi

Mpendwa Bi. Hester,

Nakuandikia wewe unayetoa ushauri gazetini kukuomba msaada kwa sababu jambo hili limenishinda kulibeba peke yangu, na hapa mtaani kwetu hakuna ninayeweza kumweleza bila habari kufika klabuni kabla sijamaliza chai yangu.

Mume wangu anaitwa Lowell. Alikuwa daktari wa mifugo hapa Carolina Kusini maisha yake yote ya kazi, mtu wa kuingia zizini kwenye matope akamzalisha ng'ombe kisha akarudi nyumbani anaimba, na tulipostaafu tukajenga nyumba kando ya uwanja wa gofu wa klabu ambayo sisi ni wanachama, na kitu cha kwanza alichonunua, kabla hata sijapata mapazia, ni kigari chake mwenyewe cha gofu, maana klabu yetu bado inamruhusu mwanachama kuwa na kigari chake badala ya kutumia vya klabu. Alikipaka kijani kama mlango wa zizi, na wenzake wakawa wanamtania, "Lowell, hicho cha kuchezea gofu au cha kubebea ndama?" naye anawajibu, "Ndama ndio nyinyi, pandeni twende."

Sasa ugonjwa wa kusahau umemwingia. Mwaka jana daktari alimkataza kuendesha gari barabarani, binti yetu akaja kulichukua, na Lowell akasimama uani akilitazama linavyoondoka. Daktari hakukitaja kigari cha gofu, nami sikumuuliza, Bi. Hester, kwa sababu nilijua angenijibu nini. Kuna siku Lowell hajui jina langu, lakini ukimkalisha kwenye usukani wa kigari kile mabega yanamnyooka, anapungia watu mkono, anajua kona ipi inaelekea kwenye bwawa la mamba na ipi inarudi nyumbani, na mimi nikawa nakaa pembeni yake kila asubuhi nikijidanganya kwamba mradi nipo, basi mimi ndiye breki yake.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapita nyuma ya shimo la nne, na rafiki yetu Nadine alikuwa anatembea njiani akitoka kuchuma maua yake, na Lowell alipomwona akafurahi, nami nikaona mguu wake unatafuta breki na badala yake unakanyaga mafuta. Nilipiga kelele. Kigari kilimgonga Nadine pajani akaanguka kwenye ukingo wa saruji, na nilisikia mfupa. Lowell akawa anasema, "Huyu mama kaanguka, msaidieni, mbona hamumsaidii?" kana kwamba tumemkuta tu pale.

Nadine ni mjane. Mumewe alikuwa na ugonjwa huuhuu, na yeye alimnyang'anya funguo mapema kama alivyoambiwa, na yule bwana akaketi kwenye kiti chake asiinuke tena, na kabla mwaka haujaisha tukamzika. Kwa hiyo akiwa amelala pale chini, uso umemwiva kwa maumivu, alinishika mkono akaniambia, "Ardith, mwondoe hapa. Mpeleke nyumbani upesi. Nitasema nimejikwaa kwenye mpira wa kumwagilia maji." Nikamwambia, "Nadine, acha wazimu." Akasema, "Mimi nilimuua wangu kwa kumketisha. Wewe usimuue wako. Nenda!"

Nikaenda. Nilimpigia simu mlinzi wa getini kwamba nimeona kwa mbali mtu kaanguka, nikamfungia Lowell nyumbani na televisheni, kisha nikarudi nikijifanya nashangaa pamoja na wengine.

Kwenye nyasi pale palikuwa na mpira wa maji kweli, umekunjwa vizuri, na anayeushughulikia ni Eusebio, ambaye ametunza nyasi za klabu tangu kabla sisi hatujahamia. Meneja wetu, Bw. Prewitt, alimsimamisha kazi siku hiyohiyo. Kamati itakaa wiki ijayo kumfukuza kabisa.

Juzi Eusebio alikuja kwetu. Alivua kofia, akakataa kuketi, akasema, "Mama, nyinyi mnapita pale kila asubuhi. Umewahi hata siku moja kuona mpira wangu njiani?" Nilimtazama machoni nikamwambia, "Sijui, Eusebio. Sikuangalia." Akasema, "Bi. Nadine ni mtu mzuri, sitaki kumwita mwongo. Labda kachanganyikiwa na maumivu. Ukiwaambia tu kwamba huwa naukunja, watakusikiliza wewe." Nikamwambia nitafikiri. Na Lowell, aliyekuwa dirishani, akaniuliza, "Kijana yule hodari, mbona leo hafanyi kazi?"

Halafu kila Jumapili tunamtembelea Nadine, mguu wake umefungwa plasta, na Lowell anampelekea pai ya pichi, na kila mara anamuuliza, "Nani kakufanyia hivi? Nitajie jina lake nikamtie adabu." Nadine hucheka mpaka machozi yanamtoka, nami huenda jikoni kukata pai ambayo imekwisha katwa.

Nikisema ukweli, klabu itapiga marufuku kigari chetu, Lowell ataketi kama mume wa Nadine, na Nadine ataonekana mwongo mbele ya watu wote. Nikinyamaza, Lowell anaendelea kuendesha, kwa maana mpaka leo anaendesha, nami bado nakaa pembeni. Nishauri, Bi. Hester. Nimwachie ufunguo au nimnyang'anye?

Ardith

Ardith mpendwa,

Pole. Mume unamwona mezani kila siku na bado unamlilia; msiba huo hauna matanga wala wageni wa kukuletea chakula. Sitaudharau hata kidogo.

Ila umeniuliza swali dogo ukaliacha kubwa. Unauliza kuhusu ufunguo. Ufunguo ulipaswa kuwa mfukoni mwako jioni ileile Nadine alipopelekwa hospitali, na kwamba mpaka leo unapanda pembeni ya mtu asiyejua breki ni ipi, baada ya kusikia mfupa wa rafiki yako ukivunjika, kumenifanya niiweke barua yako chini nikatoka nje kupunga upepo kwanza. Wewe si breki, Ardith. Wewe ni abiria. Mtu wa pili atakayekuwa njiani huenda asiwe rafiki yenu, na huenda asiishie kuvunjika mguu tu.

Kuhusu Nadine: anakupenda, na amekukosea. Amekukabidhi majuto yake mwenyewe umlelee. Hakumuua mumewe. Ugonjwa ndio uliomuua, na labda upweke, kwa maana katika yote uliyoniambia sijasikia kwamba mtu alichukua usukani akamwambia yule bwana, "Sogea, leo nakuendesha mimi." Mwanamume kunyang'anywa ufunguo ni jambo moja. Kuketishwa kwenye kiti akaachwa hapo ni jingine. Nyote wawili mmeyachanganya.

Sasa Eusebio. Mtu huyo alikuja mlangoni kwako akiwa na adabu kuliko uliyostahili. Hakutaka kumwita rafiki yako mwongo, na yeye ndiye anayeumizwa na uongo huo. Nawe ulimtazama machoni. Hukunyamaza, Ardith, usijifariji hivyo. Ulisema uongo, kwa maneno mawili tu, lakini kwake yana uzito wa nyumba nzima. Kumpenda mume wako hakukupi ruhusa ya kumlipia kwa maisha ya mtu mwingine.

Fanya hivi. Ufunguo uutoe leo, kabla hujamaliza kusoma hapa kama inawezekana. Kisha nenda kwa Nadine umwambie unakwenda kusema ukweli. Nimesema umwambie, sikusema umwombe ruhusa. Akilia, lieni pamoja, lakini usirudi nyumbani umebadili nia. Toka hapo uende kwa Bw. Prewitt, usingoje kamati ikae, kwa sababu kila siku Eusebio anayokaa nyumbani ni siku uliyomnyima wewe. Kwa Eusebio nenda mwenyewe, usimtume mtu, usibebe pai. Mweleze ulichofanya, halafu unyamaze. Asipokusamehe ni haki yake.

Na Lowell mwambie pia. Mwambie mara moja, kwa utulivu, kama unavyomwambia mtu mzima, kwa maana bado ni mtu mzima. Atasahau, lakini kwa dakika chache utakuwa umemheshimu kama daktari aliyekuwa, aliyezoea kuwapa wakulima habari mbaya za ng'ombe wao bila kuzipaka sukari. Akishasahau, usimrudishie habari hiyo kila siku kama dawa chungu. Inatosha.

Kisha jifunze kuendesha kigari hicho, kama klabu itakuachia. Wakikikataa, mna miguu minne bado inayotembea.

Hester

Barua hizi mbili zilipita kwa posta kati yetu. Tunazichapa sasa kwa idhini ya Ardith, ambaye alituandikia tena miezi kadhaa baadaye, akiomba majina yao yote yabadilishwe:

Bi. Hester, nilikukasirikia siku mbili. Kisha nikaenda.

Nadine alinifukuza. Alisema, "Nimevumilia mguu huu kwa ajili yako, nawe unanivua nguo hadharani?" Tulikaa majuma mengi bila kusemezana. Siku moja akapiga simu kuuliza kama Lowell anakula, na tangu hapo tunaongea, si kama zamani, lakini tunaongea.

Lowell nilimwambia tukiwa barazani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akauliza, "Mimi? Na Nadine ameumia?" Nikasema ndiyo. Alitia mkono mfukoni akautafuta ufunguo, na nilipomwambia ninao mimi akasema, "Vizuri. Usinipe hata nikikuomba." Alasiri hiyo aliniomba. Anaomba mpaka leo, na siku nyingine ananitukana, nami simpi, nikijua ni yeye mwenyewe aliyenikataza.

Bw. Prewitt alinisikiliza bila kunitazama. Klabu ilimzuia Lowell kuendesha na mimi ikaniachia kwa masharti, na wapo wanachama ambao sasa wakiniona mkahawani wanakumbuka kwamba wana haraka.

Kwa Eusebio nilikwenda mwenyewe, bila pai. Hakunikaribisha ndani. Nilisema yote pale mlangoni, na nilipomaliza akanijibu, "Mama, mimi nilikuja kwako kwa sababu nilikuamini," kisha akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Amerudishwa kazini. Kamati ilimwomba radhi kwa maandishi, nami nilimwomba mbele yao wote.

Siku hizi naendesha mimi, na Lowell anakaa pembeni akilalamika kwamba naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tunapompita Eusebio akimwagilia, Lowell anainua mkono, na Eusebio anamwitikia, "Habari za asubuhi, daktari!" Mimi hanisalimu. Sipunguzi mwendo ili anisalimu, wala siongezi ili nisimwone.