Tairi Kubwa za Tela la Viti

Jumapili, 24 Agosti

Mama mkwe kapiga simu tena. Shule ya kule kwake inafunguliwa Jumatatu ya tarehe mosi, nafasi ya mjukuu wake ipo, mnamleta lini? "Mnamleta" — kana kwamba bado tuko wawili. Nikamwambia tela la kubebea vitu vyake halifai, mama. Magurudumu ni madogo mno, ile njia yako ya mawe itavunja ekseli. Akasema basi badilisha magurudumu, mwanangu.

Ni kweli halifai. Lilitengenezwa kubebea viti vya marehemu mke wangu, vile vya kukodisha, kwenye lami tu. Lakini najijua. Najivuta.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeshinda kwa fundi tairi, huyu tunayemwita Presha. Rimu za inchi kumi zitoke, ziingie za kumi na tatu, za gari dogo. Jozi ya kwanza ina matundu matano, habu za tela zinazoshika rimu zina nati nne. Haziingii! Moyoni nikafurahi, Mungu anisamehe. Presha akachimbua rundo, akatoa za matundu manne. Nikasema tairi zake zina nyufa. Akatoa nyingine. Nikasema pana mno. Akaniuliza natafuta tairi au mchumba.

Nikacheka. Kisha kicheko kikageuka, nikalia palepale mbele ya wateja wake. Miezi mitano sasa tangu tumzike. Presha akajifanya anatafuta spana.

Jumatano, 27 Agosti

Pampu ya maji niliyotumwa kutengeneza ilikuwa mbali, nimechelewa kurudi. Nimemkuta Meneja kalala kwenye kochi la jirani, viatu mguuni. Ndilo jina nililompa binti yangu, maana tangu mama yake aondoke ananipangia hata soksi. Ana miaka tisa. Mwezi huu ni mara ya nne.

Kazi ya pampu haina saa. Nikiiacha tutakula nini? Nimelizungusha hili kichwani mpaka nimechoka. Kesho nachukua zile rimu.

Ijumaa, 29 Agosti

Zimefungwa. Tela limepanda, limeanza kuringa! Ikabidi Presha apandishe pia ndoano ya gari ya kuvutia tela, la sivyo lingetembea limeinamisha pua. Nimepima nafasi kati ya tairi na bati la madigadi: vidole vitatu. Presha akasema nipakie kwanza ndipo nipime, springi zikishalala. Kila fundi anajua hivyo, hata mimi. Nikasema vitatu vinatosha.

Ukweli, sikutaka kuuona ule mzigo juu ya tela kabla ya siku yake. Kitanda cha Meneja. Kabati lake. Sikutaka, basi.

Jumamosi, 30 Agosti

Meneja kafunga maboksi mwenyewe. Kamba kazikaza mpaka zimemwachia alama viganjani. Hajalia hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika nikiwa kwenye usukani. Meneja kaenda kumuaga jirani.

Tumepakia asubuhi. Kitanda nilimtengenezea mwenyewe, mbao ngumu, kizito kama nini! Kabati, godoro, maboksi. Nikaondoa gari. Hatua kumi hazikufika — kelele, na harufu ya mpira unaoungua. Springi zimelala, madigadi yanasugua tairi zote mbili.

Nilishuka, nikaangalia, na jamani nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyetolewa rumande. Nikavaa uso wa masikitiko, nikasema leo haiwezekani, Meneja. Presha hafungui Jumapili. Labda wiki ijayo. Labda hata shule ya hapa si mbaya sana.

Meneja akachuchumaa, akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na bati. Hakikupita. Akasimama akasema kitanda kishuke.

Nikamuuliza atalala wapi. Akasema kwa Bibi, kitanda kimoja naye, Bibi ni mwembamba. Nikasema kitanda ni chako, mwanangu, nilikutengenezea wewe. Akasema ndiyo maana kibaki. Nikija kukuona nitalala wapi?

Jirani akaja, tukakishusha, tukakirudisha chumbani palepale kilipokuwa. Nilipotoka, tela lilikuwa limenyanyuka. Meneja anapitisha vidole viwili, upande huu, kisha ule. Vinapita, Baba, akasema. Nikazunguka nyuma ya tela, nikalia nikidhani hanioni. Akanijia na kitambaa.

Huyo anarudi. Kapanda, kafunga mkanda. Ananiuliza naandika nini. Namwambia naangalia kama kuna kitu tumesahau. Hatujasahau kitu, anasema. Washa gari, Baba.

Ufunguo ninao mkononi. Kaniambia mara ya pili, kwa upole zaidi. Naiweka kalamu, nawasha.