Vidonge vya Fanuel na Noah Katika Kibuyu Kimoja

S.L.P. 1137,
Mwatate.

21 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Sylus,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Susan na watoto, na kwamba baridi ya huko Kanada haijawagandisha masikio. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linaniambia mvua iko karibu, lakini limekuwa likisema hivyo tangu Julai, nami nimeacha kuliamini. Cherehani bado inazunguka. Wiki hii nashona majoho ya kwaya, na wale waimbaji wa besi wameota vitambi mpaka kitambaa hakitoshi.

Nakuandikia barua kwa sababu ulitoka kwenye grupu la WhatsApp la familia bila hata kuaga, na nikikupigia, nikitaja jina la Fanuel tu, mtandao wa huko unaanza kusumbua ghafla. Sasa hapa hakuna mtandao. Soma mpaka mwisho.

Najua hujamsemesha ndugu yako tangu tulipomzika Mama, miaka minne sasa. Ulikuwa umesafiri siku mbili, umevaa suti nyeusi, umesimama kando ya kaburi. Fanuel akaja amelewa chakari, akiwa na shada la maua, akateleza, akamtangulia Mama mle ndani. Pasta alikata wimbo katikati. Sitakuambia haikuwa aibu, maana hata mimi nilitamani ardhi inimeze, ila nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Lakini tangu Juni kuna mambo yametokea hapa, na mengine yanachekesha, kwa hiyo vuta kiti.

Walikuja watu wa utafiti kutoka chuo kikuu, wakapewa chumba kwenye zahanati. Mkubwa wao ni Daktari Mutindi, mama mfupi asiyecheka ovyo. Walikuwa wakitafuta watu waliozidiwa na pombe na wanaotaka kuacha. Wangewapa vidonge vya kupunguza hamu kwa wiki kumi na mbili. Nusu yao wangepata dawa yenyewe, na nusu wangepata vidonge vinavyofanana navyo kabisa, lakini ndani ni unga mtupu. Nani amepata kipi, hakuna anayejua, hata Daktari mwenyewe. Wanasema ndivyo wanavyopima kama dawa inafanya kazi au ni moyo wa mtu tu.

Rachel alimbembeleza mumewe hadi akaenda, naye Fanuel akatia sahihi kwa mkono wake. Halafu akamvuta na Noah, yule mwenzake wa kuchonga mawe, kwa kuwa hao wawili hawajawahi kwenda mahali mmoja mmoja.

Mimi nilicheka. Unajua msimamo wangu, ulevi dawa yake fimbo, nami nilimwambia Daktari hivyo hivyo usoni. Akaniuliza ni mgonjwa gani wa kisukari niliyewahi kumpiga fimbo akapona. Nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba. Akaniambia pia kwamba ule mwaka tuliomfungia Fanuel kwenye stoo ya mahindi siku tatu ili aache, akatetemeka mpaka akawa anasalimiana na magunia, tungeweza kumuua. Mwili uliozoea pombe kila siku haukatiwi ghafla bila daktari. Sylus, wewe ndiye uliyenunua lile kufuli na mimi ndiye niliyekaa na ufunguo.

Kazi ya kuwahoji alipewa Saadiya, binti wa Voi, Mwislamu safi ambaye hajanusa hata kizibo cha chupa. Ndiye aliyekuwa na fomu ya kuuliza kila mtu hunywa kiasi gani. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza Fanuel, Noah naye yupo, nikasikia yote.

“Mzee wangu, kwa siku ya kawaida wanywa vipimo vingapi?”

“Kawaida gani? Ya mvua ama ya jua?”

“Tuseme ya jua.”

“Ya jua tunakunywa mpaka kibuyu kiishe.”

“Na kibuyu chachukua kiasi gani?”

“Hiyo inategemea nani amekaa karibu na Noah.”

Maana mbangara, ile pombe yetu ya kienyeji kama hujaisahau, hainywewi kwa glasi. Kibuyu ni kimoja, kinazunguka, na anayehesabu mafunda ya mwenzake anaitwa mchoyo. Maskini Saadiya akatoka, akarudi na jagi la plastiki lenye mistari. Akajaza kibuyu chao maji, akawaambia wanywe kama walivyozoea, naye apime yanayobaki. Wanaume wawili wazima wakamaliza lita mbili za maji ya mfereji wakiwa na nyuso za matanga. Akaandika, akawashukuru, akawatakia siku njema.

Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti kubwa. Ya tatu, Fanuel alifika nyumbani saa kumi alasiri, akamkuta Rachel anapepeta pojo, akakaa chini akaanza kumsaidia. Rachel alinipigia simu akinong'ona, akitaka kujua afanye nini. Nilimwambia asimshtue. Noah naye akaacha, na wakawa kila asubuhi wanakutana kwa Fanuel, wanameza vidonge vyao na chai, wanaenda kwenye mawe. Nikaanza kutangaza sokoni kwamba sayansi ni kitu. Kumbe sikujua ninachotangaza.

Wiki ya tisa, Daktari na Saadiya walikuja kwa Fanuel bila taarifa, kuhesabu vidonge vilivyobaki. Wakaomba zile chupa za vidonge zenye namba walizowapa. Ya Fanuel ilikuwa jikoni, Rachel ametia chumvi. Ya Noah ilikuwa kwake, mkewe ametia mbegu za mchicha. Na vidonge? Noah akaingia ndani, akatoka na kile kibuyu. Walikuwa wamevimimina vyote humo, vya huyu na vya yule, tangu siku ya kwanza.

“Si mlisema mmoja anaweza kupewa dawa na mwingine apewe unga?” Fanuel akasema. “Sasa hiyo si dhambi? Kibuyu hiki tumekinywea miaka ishirini. Nitapona aje mimi peke yangu nimwache Noah?”

“Na kila asubuhi mwajuaje mwameza cha nani?” Saadiya akauliza.

“Tunatikisa kwanza,” Noah akamjibu.

Saadiya alijifunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia, kumbe kicheko kimembana. Daktari Mutindi hakucheka hata kidogo. Alitoka nje, akapiga simu Nairobi, akauzunguka ule mgomba wa mlangoni mara nne, akarudi, akachukua vidonge vyote. Bila kuwatukana, akawaeleza kwamba wasingemeza tena na kwamba matokeo yao kwa upande wa dawa yameharibika. Lakini waliruhusiwa kuendelea na yale mazungumzo ya ushauri ya kila Jumatatu na Saadiya, na kupuliza ile alkoblo ya kupima pombe, mpaka Oktoba watakapofunga kazi.

Nikamuuliza, basi ni nini kilichowaachisha? Akasema hawezi kujua. Huenda ni dawa, ingawa mtu aliipata leo akaikosa kesho. Huenda ni mazungumzo. Huenda ni kule kungojana kila asubuhi. Akasema kati yetu sote, anayetamani jibu kuliko wote ni yeye, na hapo nilimhurumia. Amesoma miaka yote hiyo kuja kukutana na Noah.

Vidonge vilipoondoka, hofu ilinishika. Nilijua ni suala la siku tu. Nilikuwa napita kwake kwa visingizio, leo naazima jembe, kesho narudisha, na nikifika namnusa kama paka. Hakunywa. Lakini alianza kukonda, na usingizi ukampotea. Saadiya alipomdadisi, akamwambia kinachomtisha si mbangara. Ni shamba la Mama. Kwa miaka minne amekuwa akizungukia kwa jirani ili asipite karibu na lile kaburi, na siku anayolazimika kupita, lazima kwanza anywe.

Ndipo Rachel akasema tukutane tufanye kutasa. Usijifanye umesahau kwa sababu unaishi kwenye theluji. Unajaza kinywa, unatema ile hasira uliyoiweka moyoni, na unamwombea heri uliyemkasirikia. Tulikutana pale kaburini Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Baba mdogo Zephaniah, ambaye ni mzee wa kanisa na kwa kawaida mila hizi huzisema vibaya kwenye kipaza sauti, alishikilia kwamba bila mbangara halisi haitashika. Sidhani alikuwa akiwafikiria mababu peke yao. Rachel akamwambia ni maji au arudi kwake. Akachagua maji, akinung'unika.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya dada mkubwa. Fanuel akanikatiza, kwa upole kabisa.

“Dada, nilikusikia siku ile.”

Sylus, sijui kama wewe ulisikia. Fanuel alipokuwa mle chini anahangaika kupanda, mimi nilisema, “Mfukieni humo humo.” Nilisema kwa sauti ya chini nikidhani imepotea kwenye vilio. Alikuwa ameibeba miaka minne. Mimi nilikuwa namwona mlevi tu, na nilikuwa radhi kumwona hivyo kwa kuwa kulinipunguzia kazi ya kujiangalia.

Nikajaza kinywa, nikatema. Nikasema hasira yangu iende na maji haya, na mtoto wa mama yangu aishi. Sehemu kubwa ilimpata Baba mdogo kwenye koti, lakini hakuna aliyejali. Fanuel alilia mbele ya watu wote. Nami nililia, na unajua kwamba mimi ninapolia si mtu wa kutazamwa.

Rachel alikuwa ameandaa vikombe vitano. Tulikuwa watu wanne. Baba mdogo alipotaka kumwaga kile kilichobaki, Fanuel alimshika mkono, akasema hicho ni cha Sylus.

Sasa nakuomba jambo moja, na sikuombi kwa mzunguko. Oktoba Saadiya na wenzake wanaondoka. Ameniambia waziwazi kwamba mtu kurudi kwenye pombe baada ya kuacha ni jambo la kawaida, na kwamba hurudi upesi zaidi akijiona hana mtu. Noah yuko. Rachel yuko. Mimi nipo, na pua yangu. Wewe ndiye hupo, na ni wewe anayekuulizia. Sikwambii usahau ile siku. Nenda jikoni kwako, jaza kinywa maji, taja kilichokuuma, kitemee hapo kwenye sinki. Susan akiuliza mwambie ni mambo ya kwetu. Halafu umpigie simu. Ukiona ni vigumu, kumbuka nami nilikuwa na maneno mabaya kuliko yako, na bado alinipokea.

Nisalimie sana Susan. Waambie watoto shangazi yao anawapenda na anahitaji vipimo vya mabega yao. Rachel anawasalimu. Baba mdogo Zephaniah naye anawasalimu, na anauliza kama huko kuna makoti ya mvua. Evelyn wa kwaya anasema bado anakumbuka sauti yako ya teno na hajapata mwingine.

Mungu awafunike, awape kazi isiyochosha mgongo, na awarudishe nyumbani kwa miguu yenu wenyewe tukiwa bado hai.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,
Tryphena

Fanuel amekuja kuchukua jembe lake akanikuta nafunga bahasha. Ameomba nafasi hii iliyobaki. Mwandiko ni wake, sijarekebisha kitu.

*Sylus. Leo ni siku ya themanini na tatu. Sijui kama nitafika mia. Nilikuharibia siku ya Mama na sina la kujitetea. Kama huna neno zuri, tafadhali piga tu unitukane. Nitakaa na simu.*