Swali la Fira Gelman

Moscow, 4 Julai 1978

Shikamoo Baba,

Presha inaendeleaje? Sisi wazima. Kostya anakusalimu, mume wangu huyu bado hajajua kunywa chai bila kelele.

Baba, wameniweka kwenye jopo la mtihani wa kuingia chuoni. Nilifurahi, hadi mkuu wetu Gorchakov alipotugawia maswali. Ni mafungu mawili. La kwanza ni la kila mtu. La pili ni la kuwaangusha vijana wenye majina ya Kiyahudi kama letu, na humo mna swali ambalo mimi, mwanaaljebra wa kulipwa mshahara, limenitoa jasho tangu Jumapili.

Niliipenda aljebra tangu utotoni kwa kuwa haimuulizi mtu ni mtoto wa nani. Wameigeuza rungu la mlinzi wa mlangoni. Nimeingiwa na kinyaa, chakula hakishuki.

Mwanao,
Rimma

Vinnitsa, 13 Julai 1978

Mwanangu Rimma,

Sijambo, ila presha hupanda nikisoma barua zako. Mambo haya usiyatie posta tena. Cheri zimekomaa, nimepika jamu yako.

Sasa nisikilize. Tasnifu yako ya hayo makundi ya aljebra unaitetea Oktoba. Ukishapata udaktari, sema utakalo. Kwa sasa meza mate. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Fira, binti wa jirani yetu Bi Gelman, anakuja kufanya mtihani huohuo. Mama yake aliniomba umwangalie. Nikamwambia kazi yako haihusiani na mitihani. Ukimwona, inamisha uso.

Babako

Moscow, 25 Julai 1978

Shikamoo Baba,

Natumai presha imetulia. Barua hii anakuletea binamu wa Kostya.

Fira alikuja, na vidole vimejaa wino. Gorchakov akampa lile swali langu la jasho. Alikaa, akalia kidogo, akajipangusa, akalitatua. Baba, alilitatua kwa njia nzuri kuliko yangu.

Gorchakov akasema, "Njia hii siyo inayotakiwa," akanisogezea karatasi niweke sahihi kwamba ameanguka. Alikuwa anatafuna peremende. Nilitazama taya lile likisaga, nikamrudishia karatasi.

Nikamwambia binti amepata, na kama hakupata basi hata mimi sijui aljebra.

Akatabasamu. "Rimma, jina la baba yako tulilifumbia macho. Usitufumbue."

"Jina la baba yangu ni Naum Fridkin," nikamwambia mbele ya Fira. "Liandike vizuri."

Sahihi wakaweka wengine. Fira ameangushwa. Tasnifu yangu imetolewa kwenye foleni, haikutajwa sababu. Wenzangu wananipita koridoni kama ndoo ya takataka.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Rimma

Moscow, 9 Novemba 1978

Shikamoo Baba,

Hujambo? Hii nayo haipiti posta. Tangu Julai sina neno lako. Bi Gelman amemwambia Fira kwamba u mzima. Nami nimeridhika na hilo.

Chuoni nimefukuzwa. Nafundisha hesabu shule ya jioni. Jumamosi vijana walioangushwa huja jikoni kwetu, nawafundisha makundi. Fira yumo, mchana anasoma chuo cha reli. Kostya huazima viti kwa majirani. Kinyaa hakijanitoka, lakini siku hiyo nakula.

Mwanao,
Rimma

Vinnitsa, 21 Novemba 1978

Mwanangu Rimma,

Mimi mzima. Nilikasirika, sikufichi. Niliona umeitupa kazi ya ujana wako wote kwa ajili ya mtoto wa watu, na yeye hakupita.

Juzi Bi Gelman alinijia na mkate wa asali. Alitaka tu kumgusa mkono baba wa Rimma, akasema hivyo, akaugusa, akaenda zake. Mkate sijaukata hadi leo. Nimekuwa daktari wa meno maisha yangu yote, nimeinamia vinywa vilivyooza kila namna, lakini hakuna harufu iliyonishinda kama ya ule ushauri wangu.

Nimekata tiketi ya kuja kwenu Ijumaa. Makundi yako siyajui, ila viazi najua kumenya, na vijana hao hawawezi kufikiri kwa njaa. Wakiuliza mzee huyu wa jikoni ni nani, usiwaambie ni jirani, wape jina langu.

Baba yako,
Naum Fridkin