Beki wa Zamu ya Kwanza

Jumatatu, 1 Julai 2013

Mabao sabini na moja. Nimeyatazama yote tena, peke yangu, kwenye chumba cha video huku juu ya jukwaa. Sabini na moja katika mechi thelathini na nne! Huo si ukuta wa timu ya kulipwa, huo ni mlango wa soko la Gare du Midi Jumapili asubuhi. Kila mtu anaingia na begi lake.

Alhamisi tunachagua. Tajiri wetu ana timu tatu: sisi hapa Brussels, moja Luxembourg, moja kaskazini ya Ufaransa. Kila kiangazi vijana waliomaliza chuo chake cha soka hugawanywa kwa zamu, na timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Mwaka huu vibaya ni sisi. Basi zamu ya kwanza ni yetu, na ya nne. Hao wawili ndio watujengee difensi upya.

Bart, mkurugenzi wa ufundi, anataka orodha mezani kwake Jumatano. Orodha yangu! Mimi mkata video. Miaka sita nakata na kuunganisha, hakuna aliyewahi kuniuliza neno. Sasa nimeulizwa. Nikipatia watasahau. Nikikosea watanikumbuka.

Jumatano, 3 Julai 2013

Orodha imekwisha. Nimeiandika mara nne.

Bart anamlilia kipa. Lakini mabao thelathini na nane yamepita katikati, baina ya mabeki wetu wawili wazee, na kipa hapo angefanya nini — angeomba dua? Mimi nataka beki wa kati kwanza, kisha beki wa kushoto. Wa kushoto ni kijana wa Ixelles, hapa hapa Brussels, mfupi, ana mbio. Wa kati ni Abeid, miaka ishirini, wa Buyenzi, Bujumbura.

Na hapo ndipo ninapoogopa. Buyenzi ni kwetu. Nimezaliwa njia mbili tu kutoka kwao. Watasema Hidaya kachagua damu yake. Nimejiuliza na mimi: nampenda mchezaji au napenda nyumbani? Nikaziba majina na nyuso kwa karatasi kwenye kioo cha kompyuta, nikatazama mechi sita hivyo, miguu tu. Bado akawa wa kwanza. Hakimbilii mpira, anausubiri pale utakapofika. Basi imeandikwa.

Alhamisi, 4 Julai 2013

Amechaguliwa! Wa Ixelles pia tumempata.

Bart alisoma orodha mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akasema sawa, ila jina langu litakuwa chini ya hiyo karatasi, si lake. Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Masharti: daktari wa timu atie sahihi kufikia Ijumaa tarehe 19. Asipotia, zamu inakwenda Luxembourg na mchezaji anapandishwa ndege, anarudi kwao.

Jumapili, 7 Julai 2013

Abeid amehamia kwetu Evere mpaka apate nyumba. Kadiri, mume wangu, kampa chumba cha mashine ya kufulia. Ana begi moja na jozi tatu za viatu vya mpira. Mpole. Anaosha sahani bila kuambiwa, ananiita maman, Kadiri anamwita papa. Kadiri, ambaye Mungu hakutujalia naye mtoto, anatembea ndani ya nyumba kama aliyepandishwa cheo.

Mama yake, Rukiya, amepiga simu kutoka Buyenzi. Salamu ndefu. Mwisho akasema, "Maman Hidaya, nakuachia mutoto. Ni huyo tu niko naye." Nimemjibu inshallah. Baada ya hapo sikuweza kumaliza chai yangu.

Jumatano, 10 Julai 2013

Ramadhani. Msikiti wetu umeanza leo, jirani zetu Waturuki walianza jana. Saa kumi na tisa bila tone la maji! Julai ya Ubelgiji haina huruma.

Kadiri alimuuliza kijana kwa ile sauti yake isiyouliza: "Wewe uko nafunga, si ndiyo?" Abeid akajibu haraka, "Nafunga, papa." Kadiri akampiga bega. Kocha akisikia atakasirika. Nimemwambia Abeid asiseme kitu kambini. Mimi pia sisemi.

Jumanne, 16 Julai 2013

Ameanguka.

Mazoezini, saa kumi alasiri, jua la kuchoma. Nilikuwa narekodi. Hakugongana na mtu. Alikuwa anarudi nyuma taratibu, mpira uko mbali, akaenda chini uso mbele, wala hakuweka mikono. Nimehesabu kwenye video: sekunde ishirini na sita. Kisha akakaa, akaomba radhi, akataka kuendelea.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilimwona kaka yangu akianguka hivyo hivyo miaka mingi nyuma, naye hakuinuka tena.

Ni njaa. Ni kiu. Hajanywa tangu alfajiri. Ni njaa tu.

Jumatano, 17 Julai 2013

Daktari wetu ni Frans, mzee, alikaa Kivu miaka mingi na wamisionari, Kiswahili anakisikia kidogo. Ametuita wote wawili, mimi na Abeid. Kipimo cha moyo cha kulala kitandani kimetoka safi. Lakini anataka kile kingine, cha kukimbia juu ya mashine na waya kifuani, na hospitali ina nafasi tarehe 8 Agosti. Agosti! Sahihi inatakiwa keshokutwa.

Akaniuliza kama kijana anafunga. Abeid alikuwa kaketi pale, mikono mapajani, hakunitazama. Nikasema ndiyo. Frans akauliza tena: nina hakika? Nikasema daku nampikia kwa mikono yangu. Akamgeukia Abeid, akamuuliza kwa Kifaransa. Abeid akanitazama mimi, kisha sakafu, akasema oui.

Frans akashusha pumzi. Kama ni hivyo, basi ni maji yalimwishia mwilini, anajua mambo ya swaumu na joto. Akachora mstari juu ya tarehe 8 Agosti. Amemshauri anywe maji siku za mechi, Mungu ataelewa.

Nimesema kweli. Basi mbona usingizi hauji?

Ijumaa, 19 Julai 2013

Sahihi imetiwa. Bart kainunulia ofisi nzima vitobosha, maandazi ya sukari. Mimi nimefunga changu kwenye karatasi, nikakisahau ndani ya basi.

Jumatano, 24 Julai 2013

Naandika huku juu kwenye chumba cha video. Kamera inarekodi yenyewe. Mechi ya kirafiki, dakika ya kumi na moja. Niandike haraka, na kwa mpangilio, labda kichwa kitatulia.

Leo sifungi. Niko kwenye siku zangu tangu jana. Nyumbani siku hizi hula jikoni, nimesimama, mlango umerudishwa. Kadiri anajua na mimi najua kuwa anajua, lakini ndivyo tulivyolelewa, hakuna anayetafuna mbele ya waliofunga. Saa saba mchana nikashuka jikoni kwa Greta, mpishi wa timu, kuomba mkate na jibini pembeni. Greta akacheka. Akasema karibu, ile meza ya nyuma ya friji sasa ina wateja wawili.

Nikamuuliza mwingine nani. Akasema Abeid.

Kila siku! Tangu siku ya kwanza ya Ramadhani. Anapitia mlango wa mapipa ya takataka, anakula ameligeuzia dirisha mgongo, anaosha sahani yake mwenyewe. Nikauliza kuhusu Jumanne ile, tarehe 16. Greta anaikumbuka vizuri, kwa sababu aliposikia kijana kaanguka alishangaa: mchana ule alikula tambi na kuku, akarudia, akanywa chupa nzima ya maji na nyingine akaondoka nayo.

Kwa hiyo haikuwa njaa. Haikuwa kiu.

Mkate nimeuacha mezani. Nikamtafuta Abeid, nikamkuta ushorobani, anafunga kamba za viatu. Nikamvuta kando, nikamwambia nimetoka kwa Greta. Hakukana. Machozi yakamjaa papo hapo.

"Nisamehe, maman. Siku ya kwanza tu njaa ilinishinda. Kisha papa Kadiri alikuwa nafurahi sana... nikaona haya kumwambia."

Nikamwambia haya si kitu, swaumu ni yake na Mola wake. Nataka kujua habari ya kuanguka.

"Hata Buyenzi niliangukaka. Mara mbili. Nikaamka, nikacheza. Ni kitu kidogo, maman."

Mama yake anajua? Hajui. Angemkataza mpira. Nikamwambia aende sasa hivi kwa Frans, amweleze. Akanishika mkono, wake wa baridi kama maji ya bomba.

"Ukisema, donc, narudi kwetu. Na nyumbani naenda kufanya nini?"

Kocha akaita. Akaenda.

Nikaenda mlangoni kwa Bart. Nimeenda, hilo nijihesabie! Alikuwa na mjumbe wa tajiri. Kabla sijafungua mdomo akaniweka mbele yake, akasema huyu ndiye aliyetuchagulia zamu ya kwanza, huyu ana jicho. Mgeni akanipa mkono. Nikasema leo jua kali. Hayo tu ndiyo yaliyotoka. Jua kali! Kisha nikapanda ngazi kuja huku kama mwizi.

Dakika ya kumi na tisa. Amecheza vizuri mno. Ameukata mpira mara tatu, jukwaa limepiga makofi. Mimi mpira siutazami tena. Namtazama kifua.

Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu umeponza kichwa cha mtoto wa watu. Frans aliniuliza mara mbili. Mara mbili! Angeweza kumuuliza yeye peke yake, mimi nikiwa nje, na huenda angesema kweli. Nilikaa pale kama ukuta kati ya mtoto na daktari, nikijiona namsaidia.

Nikishuka: atatolewa, atapimwa, sahihi itafutwa, zamu itakwenda Luxembourg, yeye Bujumbura, mimi nitamwaga unga, na Kadiri atajua kila kitu. Au labda moyo wake ni mzima na nitakuwa nimemharibia bure.

Nisiposhuka: sitaki kuandika.

Dakika ya ishirini na saba. Mapumziko ya kunywa maji. Anakunywa. Ananitafuta kwa macho huku juu, amenyanyua kidole gumba. Nashuka.

Dakika ya thelathini. Wamepata kona. Ikipigwa hii nashuka.

Ameruka, kauondoa kwa kichwa. Amesimama salama. Rukiya amenitumia ujumbe, anauliza mutoto anachezaje, wameswali Adhuhuri pale kwao wakamwombea. Sijajibu.

Dakika ya thelathini na nne. Amechuchumaa. Wenzake wamekwenda mbele wote, yeye kachuchumaa, mkono mmoja chini kwenye majani. Labda kiatu — hapana, kamba zimefungwa. Amesimama tena. Ametikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Hakuna aliyeona, mpira uko upande wa pili.

Frans yuko benchi, kofia nyeupe, ngazi ishirini na mbili chini yangu, kisha hatua chache. Anakula tufaha.

Nashuka. Hii ni mara ya tatu naandika neno hilo, na bado nimeketi, kalamu mkononi —