Leseni Imehama, Wifi

3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako hakijambo? Mafua yale ya siku ya harusi yameisha? Sisi wazima kabisa, na mimi nimezidi uzima, maana kila asubuhi nikiamka namkuta mdogo wako pale pale pembeni yangu, nashangaa upya.

Tumefungua ofisi! Ni chumba cha mbele tu, meza moja, viti viwili na kompyuta mpya. Yeye anachora ramani za nyumba, mimi nachapa. Akichora anauma ulimi. Ulijua? Bila shaka ulijua.

Sasa wifi, shida. Kompyuta haina leseni ya mfumo endeshi, ule unaoiwasha na kuendesha kila kitu. Chini pembeni mwa kioo kuna maneno hafifu yanayosema mfumo haujaidhinishwa, na hayafutiki. Mteja wetu wa kwanza, mjenzi, ameyaona. Kasema hampi kazi mtu asiye na leseni. Tukichelewa wiki mbili anatafuta mwingine. Na pesa zetu zote zimeishia kwenye harusi.

Mume wangu anasema leseni mliyonunua wewe na yeye kwenye ofisi yenu ya zamani ilikuja peke yake kwenye boksi, haikuja na mashine, kwa hiyo inaruhusiwa kuhama. Ila haikai kwenye mashine mbili. Lazima itoke kwako kwanza ndipo iingie kwetu. Yeye anaona aibu kukuomba. Mimi sina aibu, nina mapenzi.

Wifi yako mpya

5 Machi

Wifi,

Marahaba. Kifua kimepona. Barua yako nimeisoma kwa vituo, nikapumzika katikati.

Huyo mumeo ana mambo. Siku aliyoihama ofisi yetu alibeba printa na hakuniaga. Leo anatuma mke. Mwambie mashine ninayo, nimeifunika kitambaa, na leseni imo. Siku hizi mimi ni karani wa hospitali, siitumii. Lakini haitoki.

Wewe sina ugomvi nawe. Kula vizuri. Harusini ulikuwa mwembamba kama kalamu.

Wifi yako mkubwa

6 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakula, usijali, mdogo wako anapika kuliko mimi, na hilo nalo hukuniambia.

Nilimsomea barua yako. Alikwenda kufagia uwanja ambao nilikwisha kuufagia. Aliporudi alisema, “Niliondoka kabla hajafika. Ningemwona, nisingeondoka.” Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Kama haitoki, basi haitoki. Wewe ni wifi yangu hata bila leseni. Ila niambie tu, unaitunzia nini?

Wifi yako mpya

12 Machi

Wifi,

Salama? Nimechelewa kujibu kwa sababu umeuliza vibaya. Umeuliza kwa upole.

Nikiiwasha ile mashine, ofisi yetu bado ipo. Nikiitoa leseni, nimeifunga ofisi kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo hivyo, usinicheke.

Kesho mchana nipo nyumbani. Piga simu wewe. Si yeye.

Wifi yako mkubwa

14 Machi

Wifi yangu, wifi yangu!

Shikamoo, na leo hata afya sikuulizi, sauti yako niliisikia mwenyewe. Lakini ulikuwa upande wa pili wa simu, hukuona yaliyotokea huku, na mimi nikikaa nayo nitapasuka.

Uliposema “Imetoka,” nilitamani kukurudishia. Kisha ukaanza kunisomea zile herufi za kwenye boksi, mimi naandika: “B ya baba, T ya taa.” Yeye alikuwa dirishani amenipa mgongo. Ulipofika “M ya mkorofi,” mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Kaja akaninyang'anya simu, akaanza kuzitaja zilizobaki pamoja na wewe, anazijua zote kwa moyo, na wewe ukamwambia, “Polepole, mpumbavu wee, utamchanganya mkeo.” Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyosikia tangu kuolewa, na nimeambiwa mengi.

Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Sote watatu hatukupumua, hata wewe nilikusikia. Halafu yale maneno ya pembeni yakaondoka, kama mtu aliyepangusa kioo kwa kiganja. Wifi, kitu kisicho na uzito wala harufu kimetoka chumbani kwako kikaingia chumbani kwetu, na hakuna mlango uliofunguka! Niliigusa ile pembe ya kioo. Mume wangu naye akaigusa, na huyu ndiye fundi.

Mjenzi alikuja asubuhi, akainama, akatazama, akavuta kiti. Kazi tumepata. Na wewe je? Upo sawa?

Wifi yako mpya

15 Machi

Wifi,

Marahaba. Nipo.

Yale maneno yenu sasa yapo kwangu, pembeni vile vile. Niliyatazama nikisubiri kulia. Badala yake nikafungua ramani zetu za zamani moja moja, na zote zipo. Miaka yote nilidhani leseni ikitoka inaondoka nazo.

Barua hii usimsomee, na salamu usimpe. Nitampigia mwenyewe.

Wifi yako mkubwa